Mama Kabati na Vitabu Vilivyorudishwa

Mimi kazi yangu ni kutengeneza miavuli. Kazi hiyo imenipeleka kila kijiji cha mlima ule, maana kule juu mvua haina adabu, inanyesha hata jua likiwa linakutazama. Nabeba begi langu la nyaya, sindano na vitambaa, napiga hodi, nakaa barazani kwa mtu, naunga mbavu za mwavuli wake, nakunywa chai yake, naondoka. Sikuwahi kudhani ipo siku nitakaa chini niandike habari za mtu. Shule niliiacha darasa la nne. Lakini mtu ninayetaka kumwandika ndiye aliyenifundisha kusoma upya nikiwa na mvi, kwa hiyo makosa mtakayoyakuta humu mtugawie sote wawili.

Watu wote wanamwita Mama Kabati. Siku niliyomjua nilikuwa nakimbia mvua. Niliona mlango uko wazi, nikaingia nikijua ni kile chumba cha kukusanyia maziwa ninachokikumbuka tangu zamani. Kumbe maziwa yalishahamishiwa jengo jipya, na chumba kimejaa rafu. Sakafu ilikuwa ile ile, imelazwa kuelekea mfereji wa ukutani, kama ilivyojengwa ili maji ya kuoshea madebe yatiririke. Kwa hiyo kila rafu imewekewa tofali mguu mmoja isianguke, na ukidondosha penseli mlangoni unaiokota mferejini. Dirishani alikaa mwanamke mnene, miwani puani, anashona. Nikadhani anashona nguo. Alikuwa anashona kitabu.

"Karibu mzee," akasema bila kuinua kichwa. "Umekuja kuazima au kukauka?"

"Kukauka, mama."

"Basi kauka na hiki mkononi."

Nikamwambia kusoma kwangu ni kama kuvuka mto kwa kuruka mawe, nikikosa jiwe moja natumbukia. Akanisogezea kiti. "Vuka pole pole. Mvua yenyewe haina haraka." Nilivuka kurasa tatu za hadithi ya mbuzi siku ile. Nilipotaka kuondoka akanitazama juu ya miwani, akasema, "Umemwacha mbuzi wa watu njiani bila kujua kama amefika, unakwenda wapi?" Ikabidi nirudi kesho yake kwa ajili ya mbuzi.

Yeye mwenyewe alikuwa fundi cherehani. Vitabu vililetwa kwenye maboksi, na kijana wa kuvitunza akaletwa pia. Kijana alikaa miezi mitatu, akasema baridi inamla mifupa, akashuka zake bondeni. Ofisi ya kijiji ikaona angalau chumba kipate mapazia, wakamwita fundi aje kupima madirisha. Akafungua boksi moja atafute kitu kizito cha kukandamizia futi yake, akatoa kitabu, akakifungua hivi hivi tu. Mumewe, ambaye ni seremala, aliingiwa na wasiwasi, akaja kumtafuta. "Nilimkuta amesimama," huwa anasimulia, "futi shingoni, mdomo wazi, boksi limefunguliwa. Dirisha hata moja hajapima." Mpaka leo chumba kile hakina pazia.

Alichokigundua mapema ni kwamba ukungu wa mlima unaozesha vitabu. Akamwomba mume kabati lenye milango ya kubana. Mume akalitengeneza vizuri mno, mbao nene, kubwa kama chumba, mpaka halikupita mlangoni pa maktaba, fremu ikang'olewa. Ndipo mke akapata jina lake. "Kabati nimelitengeneza mimi," mume hulalamika, "jina kachukua yeye. Mimi naitwa mume wa Mama Kabati, kama vile nimeoa fanicha." Siku za jua mama hutandika majamvi uani na kuvianika vitabu kama maharage, akivigeuza kimoja kimoja, na wapita njia humpigia kelele, "Mama Kabati, vimeiva?"

Sasa nieleze jambo lenyewe, maana bila hilo hamtaelewa yaliyotokea.

Kijiji kile kimejipanga kwenye njia moja tu, nyumba juu ya nyumba, kama ngazi. Maktaba iko chini kabisa. Juu kabisa, ambako njia inaishia kwenye mawe, anakaa bibi kizee ambaye watu humwita Bibi wa Mwisho, kwa sababu ya nyumba yake. Magoti yake yalipogoma kushuka, alituma neno: kitabu kikitoka, kisirudi chini mpaka yeye amekiona. Hivyo ndivyo utaratibu ulivyoanza. Kitabu kikiazimwa kule hakirudi maktaba. Kinapanda. Ukikimaliza, unakipeleka mwenyewe nyumba ya juu yako, kikiwa kikavu. Kila nyumba inasoma, wengine kwa kusomewa, mpaka kwa Bibi wa Mwisho, halafu ndipo kinashuka. Safari moja inachukua miezi minane, nyingine mwaka. Na kuna mwiko mmoja: humwambii kilichomo mtu ambaye hajakifikia. Mwanamume mmoja aliwahi kumwambia mkewe nani ni mwizi, akala chakula baridi wiki nzima, na hakuna jirani aliyemhurumia.

Mama Kabati aliandika kwenye daftari mtu wa kwanza tu, yule aliyekichukua kwa mkono wake. Wengine hakuwaandika. Si kwa uvivu. Kwake kitabu kilichotoka mlangoni mara moja kimetoka mara moja. Kilipo sasa alikuwa nacho kichwani, na mimi mpita njia nilikuwa namletea habari: cha nyuki kimefika kwa mkunga, cha nahodha kimekwama kwa mchinjaji.

Barua ilikuja Jumatatu. Mimi nilikuwa pale mlangoni naunga mwavuli wa seremala. Ilikuwa na kurasa mbili, mama akaisoma kwa sauti. Ukurasa wa kwanza ulisema mkaguzi kutoka mjini atafika Alhamisi kuhesabu vitabu. Kitabu kisichokuwepo rafuni lazima kiwe kwa mtu aliyeandikwa kwenye daftari, kama sivyo kimepotea, na mtunzaji atajibu. Ukurasa wa pili ulisema maktaba zenye wasomaji wachache zitafungwa na vitabu vyake kuhamishiwa mjini.

Huo wa pili ulituchekesha. "Wachache!" akasema seremala. "Waje wamwone mchinjaji anavyokata maini huku anasoma."

Ila wa kwanza mama aliurudia mara mbili. Akafungua daftari. "Kitabu cha kisima, nimeandika mshona viatu. Mshona viatu alikimaliza mwaka jana. Kiko wapi leo?"

"Kwa Bibi wa Mwisho," nikasema.

"Na hiki? Na hiki?" Kidole chake kilishuka ukurasa mzima. Nje kulikuwa na vitabu zaidi ya sitini, na hakuna hata kimoja kilichokuwa kwa mtu aliyeandikwa. "Watasema nimevipoteza. Watanifungia."

Ndipo mimi, na akili zangu za darasa la nne, nikatoa wazo. "Mama, kwani tatizo liko wapi? Tuvirudishe vyote. Akija akute rafu zimejaa, kila kitu mahali pake. Atasema nini?"

Alinitazama kama mtu aliyefunguliwa dirisha. "Mzee, Mungu akubariki." Baraka hiyo ilikuja kuniwasha baadaye.

Nilipanda na gunia siku mbili. Msidhani ilikuwa rahisi. Mchinjaji aliposikia ninachotaka alikumbatia kitabu kifuani, na aproni yake ile.

"Unanitolea hapa, mzee? Hapa hapa binti anafungua barua?"

"Ni mpaka Ijumaa tu, baba."

"Ijumaa! Nitakula nini katikati?"

"Wewe si una duka la nyama?"

Akaomba amalizie ukurasa mmoja. Alimalizia minne, wateja wamejipanga nje, na mimi nikaambiwa niwashikie mizani.

Bibi wa Mwisho alinisikiliza mpaka mwisho, lenzi yake ya kusomea mkononi. "Mwambie huyo mkaguzi aje ahesabie hapa. Kitabu kiko hapa, mimi niko hapa. Tuko wawili, hatuhesabiki?"

"Bibi, watafunga maktaba."

"Na mimi mtu wangu yuko kisimani! Kamba imekatwa, yuko chini, maji yanapanda, na sijajua nani aliyeikata. Wewe unataka nikukabidhi?" Akatazama njia inayoteremka. "Basi hiki nitakileta mwenyewe. Alhamisi. Wewe sikuamini, utakichungulia njiani." Miaka mitatu alikuwa hajashuka njia ile.

Alhamisi asubuhi maktaba ilipendeza hadi nikaona haya kukanyaga. Tangu siku ya maboksi rafu hazijawahi kujaa vile. Mama Kabati alivaa gauni lake la harusi za watu, mfereji umesuguliwa, vitabu vimepangwa kwa urefu. Mkaguzi akafika. Alikuwa kijana mstaarabu, viatu vyeusi vinang'aa, faili amelificha ndani ya koti, na mwavuli wake upepo umeugeuza ndani nje. Akatusalimia shikamoo kila mmoja. Nikamwomba mwavuli, nikakaa nao mlangoni, ndiyo sababu niliyasikia yote.

Alihesabu saa nzima. "Mia tatu na kumi na tano. Kimekosekana kimoja."

"Hicho kiko njiani kinakuja," akasema mama.

"Hongera, mama. Nimezunguka maktaba kumi na moja, sijaona utunzaji wa namna hii. Hata mgongo mmoja haujachanika."

Mama akaniangalia kwa furaha. Nami nikaangalia mwavuli kwa majivuno.

Mkaguzi akafungua daftari. Kidole kikapita ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, kikasimama. "Kwa mwaka mzima vimeazimwa mara sabini na nne?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Na leo vyote viko rafuni isipokuwa kimoja."

"Isipokuwa kimoja," akasema mama, bado anatabasamu.

"Kwa maana hiyo leo, kijiji kizima, anasoma mtu mmoja."

Sindano ikanichoma kidole.

Mama alilivuta daftari, akalitazama upya. Yule kijana alikuwa mpole, na upole wake ndio ulioumiza. "Umevitunza vizuri sana, mama. Ndiyo maana vitafaa kule mjini."

"Lakini vinasomwa! Vinapanda."

"Vinapanda wapi?"

"Mlimani. Nyumba kwa nyumba."

"Hao wasomaji wameandikwa wapi?"

"Hawajaandikwa. Kitabu kimetoka hapa mara moja, nikiandika mara ishirini si nitakuwa mwongo?"

Nikainuka na mwavuli wake mkononi. "Mwanangu, kosa ni langu. Vingi vilikuwa nje, mimi ndiye niliyesema virudishwe uvione."

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mzee anayemtetea jirani yake. "Nimekuelewa, mzee. Mnaipenda maktaba yenu. Ila mimi naandika ninachokiona." Na kalamu akaichomoa.

Hapo ndipo tuliposikia fimbo kwenye ngazi za mlango.

Bibi wa Mwisho alikuwa ameanza kushuka tangu alfajiri. Sasa fikirini, mtu ambaye hajaonekana njiani miaka mitatu, anapita mlango wa kila nyumba na kitabu amekifunga kwa mfuko wa plastiki kama mtoto mchanga. Kila aliyemwona aliuliza, bibi unakwenda wapi, na kila aliyeuliza akafuata. Wengine walimfuata kwa heshima, wengine ili asianguke, mchinjaji kwa sababu alitaka kitabu chake. Alipoingia maktaba, nyuma yake kulikuwa na kijiji.

"Wewe ndiye unayehesabu?" akamwuliza mkaguzi. "Haya, hesabu na hiki haraka haraka, unirudishie. Mtu wangu yuko kisimani."

Kijana akashtuka, kiti kikaanguka. "Kisimani? Yuko hai? Mmeita watu?"

Watu wakacheka mpaka rafu zikatikisika kwenye matofali yake. Masikini, akakaa ameiva masikio. Akakipokea kitabu, akasoma maneno ya jalada la nyuma, na nadhani aibu ndiyo iliyomfanya awe mkali kidogo. "Sawa. Kila mtu anaweza kusema amesoma. Hebu niambieni. Humu ndani, nani aliyekata kamba?"

Watu zaidi ya arobaini, wote wanatazama mfereji.

"Hakuna anayejua?"

Mchinjaji akakohoa. "Tunajua, baba."

"Basi semeni."

"Hatuwezi. Bibi hajafika."

"Na mimi sijafika!" akadakia mkunga kutoka mlangoni. "Mimi sijakianza kabisa, nilikuwa safari."

"Atakayesema," Bibi wa Mwisho akainua fimbo, "kitabu kijacho atasomea kitandani, miguu imefungwa bandeji."

Mkaguzi alitazama uso mmoja hadi mwingine. Nadhani hapo ndipo alipoanza kuona kitu. Na Mama Kabati naye sauti ilimrudia, ile ya siku zote, ya kunisogezea kiti. Akapiga makofi. "Wasiojua nani aliyekata kamba, tokeni nje! Wanaojua, bakini. Na mlango ufungwe!"

Wakatoka. Manyunyu yalikuwa yameanza, wakajipanga ukutani chini ya upenu, mikono masikioni, Bibi wa Mwisho amekalishwa kwenye ndoo na mimi nimemfunulia mwavuli wa serikali. Mkaguzi akaja mlangoni, akawahesabu mmoja mmoja kwa kalamu. Walikuwa kumi na saba, wengi wao waliokuwa safari kitabu kilipopita kwao. Akageuka, akawahesabu wa ndani. Ishirini na tisa. Mlango ukafungwa. Tukasikia mnong'ono wa watu ishirini na tisa wakilitaja jina moja kwa pamoja.

"Nimesikia!" akapiga kelele Bibi wa Mwisho.

"Hujasikia, bibi!" wakajibu kutoka ndani.

Jina lenyewe silitaji hapa. Huenda nawe hujakifikia.

Mnong'ono ukageuka ugomvi. Mkaguzi alikuwa ameuliza, kwa nia njema tu, kama yule mtu wa kisimani alitoka. Hilo hakuna anayelijua. Karatasi ya mwisho ya kitabu kile iliozeshwa na ukungu kabla kabati halijafika. Kwa hiyo Mama Kabati alishonea nyuma karatasi tupu, na kila aliyetaka aliandika mwisho wake. Mshona viatu alimtoa kwa ngazi ya ngozi. Mchinjaji alimtoa na kumwozesha. Mwalimu mstaafu alimwacha afe, kwa kurasa tatu, na hajasamehewa. Seremala alifungua mlango kutuita kwamba ya siri yamekwisha, tukaingia tukakuta kila mtu anamtetea mtu wake kwa sauti ya juu, na katikati yao mkaguzi amesimama, anasoma miisho ile mmoja baada ya mwingine, faili limedondoka na kuteleza hadi mferejini. Mama Kabati alinigusa kiwiko. "Mwone," akanong'ona. "Amebakiza futi shingoni."

Alipomaliza akavuta pumzi. "Mama, mimi siamui. Naandika ninachokiona. Lakini lazima nikione kwenye daftari. Kila mtu aseme kitabu alichosoma mwaka huu, na aandikwe."

"Wote?" akauliza mama.

"Wote."

Foleni ilikwenda mpaka jioni. Daftari liliisha kwa mchinjaji, ambaye peke yake alikuwa na vitabu thelathini na kimoja, na mama akashonea karatasi nyingine hapo hapo, huku watu wanangoja. Mkaguzi alijumlisha mara mbili: elfu moja, mia mbili na sita. Akaiandika kwa tarakimu, kisha kwa maneno, akapiga mstari chini. Halafu akauliza, kwa sauti ndogo, kama anaweza kuazima kile cha kisima.

"Baada yangu," akasema Bibi wa Mwisho. "Juu yangu hakuna nyumba. Haya, wewe ndiye nyumba inayofuata. Utakuja kukichukua kwangu."

Barua nyingine ilifika baada ya wiki tatu, safari hii ukurasa mmoja. Maktaba inabaki, ila kila mkono uandikwe. Sasa kila kitabu kinapanda na kikaratasi chake kimeshonewa ndani ya jalada, na kikishuka mama ananakili majina yote kwa mwandiko wake wa kuviringa, akiguna kwamba uongo umekuwa mwingi lakini umepigwa muhuri.

Na mkaguzi alikuja. Jumapili moja, bila faili, na viatu vile vile visivyofaa, akapanda mpaka kwenye mawe akakichukua kitabu. Mwezi uliofuata akapanda tena kukirudisha. Mimi nilikuwa barazani kwa Bibi wa Mwisho, naunga mwavuli wake. Alifungua karatasi za nyuma, akasogeza lenzi, akakuta mwisho mpya kwa mwandiko wa ofisini, umenyooka kama safu za fomu. Akausoma taratibu, midomo inacheza. Kijana amesimama, matope mpaka magotini, anangoja.

"Umeandika kama risiti," bibi akasema hatimaye. "Lakini umemtoa." Akasogea kwenye benchi, akapigapiga ubao kwa kiganja ili akae.